Neno Moja Katika Gereji

Mwaka 2023 mpwa wangu, aliyehamia Mombasa kwa kazi ya ufundi wa magari, aliniletea kurasa sita za Kiingereza akaniomba nizitie katika Kiswahili. Mimi hufasiri mashairi, na mara mojamoja hati za mirathi au barua za watu wanaotaka kusafiri. Kurasa zile zilihusu gari la mashindano, Subaru Impreza: namna ya kupitisha upya mabomba ya petroli hadi kwenye reli zake mbili, baada ya gari kutiwa pampu yenye nguvu zaidi na nozeli kubwa zaidi kuliko zile lilizotoka nazo kiwandani.

"Mjomba," alinambia kwa simu, "fundi wangu mkuu hana mfano kwa mikono yake, lakini Kiingereza hakisomi. Nikimweleza kwa mdomo tunaishia kubishana. Kikiandikwa na mtu mzima atakiheshimu."

Nilikubali, na nakiri kwamba nilikubali kwa majivuno. Skuli niliiacha mapema. Kiingereza nilijifunza peke yangu, usiku kwa usiku, kwa kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 ambayo jalada lake lilikwisha kuliwa na mchwa kabla haijawa yangu. Mtu aliyesoma hivyo huona kila karatasi ngeni ni mtihani, na kila mtihani ni lazima aushinde. Siku nzima niliipoteza kutafuta herufi mbili, A na N, zilizoandikwa mbele ya kila kiungio cha mpira. Kamusi haikunisaidia. Kumbe ni vipimo vilivyotokana na jeshi la nchi kavu na jeshi la majini la Marekani, na namba inayofuata huhesabu sehemu za 16 za inchi: namba 6 ni bomba la inchi tatu juu ya nane. Nilifurahi kama aliyepata kina kilichokuwa kikimtoroka.

Hapana budi nimweleze msomaji kazi yenyewe. Reli, kwa lugha ya gereji, ni bomba fupi lililolala juu ya injini, ambalo nozeli zimechomekwa humo kupokea petroli na kuipuliza ndani. Injini ya Subaru ina silinda nne zilizolala ubavu, mbili kulia na mbili kushoto, kwa hivyo ina reli mbili, kila upande yake. Gari hili lilivyokuja, petroli iliingia reli ya upande mmoja, ikapita hadi mwisho, ikavuka kwenda reli ya pili, kisha ikafika kwenye kidhibiti cha presha, na iliyobaki ikarudi tangini. Kwa gari la kwendea sokoni mpango huo unatosha kabisa. Lakini nozeli zikiwa kubwa na mguu wa dereva ukiwa mzito, ile ya mwisho katika foleni huweza kukuta presha imepungua. Silinda yake hupata hewa nyingi na petroli chache, moto wake huzidi ukali, na pistoni huweza kuyeyuka. Ndiyo maana kurasa zile zilitaka mpango mwingine: bomba linalotoka kwenye pampu ligawike mara mbili kabla ya kufika, kila reli ipate mkondo wake, kisha mikondo miwili ikutane kwenye kidhibiti.

Kiingereza kina neno moja la mpango huo. Nililitazama katika kamusi zangu zote, na zote zikanipa neno lile lile. Nikaandika: *mipira miwili ipitishwe sambamba*. Niliipenda hata sauti yake. Sikuona haja ya kuongeza chochote.

Wiki tatu baadaye dada yangu alinipigia simu, sauti yake ikiwa chini, kama anayezungumza chumba cha mgonjwa. Mpwa wangu alikuwa ameungua mkono. Yeye mwenyewe hakutaka nijue.

Nikavuka hadi Dar es Salaam, nikapanda basi la Tanga na Horohoro, na kesho yake nikawa nimesimama mbele ya lile gari, boneti yake imeinuliwa, rangi imevimba upande wa dereva. Fundi mkuu alikuwa mzee wa miaka sitini na nane, kofia yake ya vito imeingia grisi. Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia, akanikalisha juu ya kigoda, akaleta karatasi zangu, zimekunjwa vizuri ndani ya bahasha.

"Maalim, wewe ndiwe ulozandika hizi?"

"Ni mimi, mzee."

"Umeandika sambamba. Nami nikaweka sambamba."

Alinionyesha. Alikuwa ameilaza mipira miwili bega kwa bega, ameifunga kwa klipu kila kiganja kimoja, imenyooka kama mistari ya daftari. Kazi safi ilioje! Lakini petroli bado ilikwenda kama zamani: mpira wa kwanza ulileta reli ya kulia, wa pili ukatoa huko kupeleka reli ya kushoto. Na kwa kuwa mipira miwili iliyofungwa pamoja hutaka nafasi pana, aliipitisha nyuma ya injini, kulia, palipokuwa wazi. Pale ndipo inapokaa tabo, ile feni inayozungushwa na moshi wa injini, ambayo gari likikazwa huwaka wekundu. Mpira ulilainika, petroli ikatona. Mpwa wangu alikuwa ameinama akisikiliza injini. Mtungi wa kuzimia moto ulikuwa karibu, na hilo ndilo lililotuokoa sote.

"Kama ulitaka yagawike," mzee akasema, "si ungesema yagawike?"

Hakusema kwa ukali. Akaniuliza kama nimepata kutawadha msikitini siku ya Ijumaa, mifereji yote ikiwa wazi. Nani hakosi maji? Aliyekaa mfereji wa mwisho. "Sasa wewe ukitaka kumpa haki yake, utaweka bomba ubavuni mwa bomba, au utaligawa huko huko kwenye tangi?"

Baadaye niliambiwa kwamba vitabu vya sayansi vya shule za msingi za Tanzania hulitumia neno hilo hilo, sambamba, kwa nyaya za umeme, na mtoto aliyeyasoma angenielewa. Huenda. Lakini fundi hakusoma vitabu hivyo, wala mimi. Tulikuwa watu wawili waliojifunzia nje ya darasa, mmoja kwa spana na mmoja kwa kamusi, na kati yetu neno lilipita likiwa sahihi, likaunguza mtu.

Usiku ule sikulala. Nilikumbuka tafsiri zangu za miaka thelathini. Mshororo wa shairi letu una ukwapi na utao, na mimi najua, kwa kuwa nimelifanya mara nyingi, jinsi mtu anavyoweza kuzilaza nusu mbili bega kwa bega, vina vikalingana, mizani ikatimia, na maana isiwe imefika upande wa pili. Msomaji husifu unyofu wa mistari. Shairi halimuunguzi mtu mkono, kwa hivyo makosa yangu yalibaki yamekaa yalipo, mengine yamechapishwa. Naweza kutaja matatu bila kufungua kabati.

Asubuhi tuliandika upya, mzee akisema na mimi nikiandika: *Petroli igawike kabla haijafika. Kila reli ipate mpira wake. Usipite upande wa tabo.* Mpwa wangu, mkono umefungwa bendeji, alipinga mstari wa pili, akasema unahitaji neno la kurejea, kwani mikondo lazima ikutane tena kwenye kidhibiti. Alikuwa sawa. Mipira mipya ilikuwa ya aina isiyodhuriwa na petroli, imefunikwa koti la kuzuia joto, na ilipita mbele ya injini.

Kabla ya kuwasha, mzee alifungua swichi tu, injini ikiwa kimya, ili pampu isukume peke yake. Mshale wa kipimo ukapanda ukasimama kwenye 3. Akachukua kipande cha karatasi, akakipitisha polepole chini ya kila kiungio, kimoja kimoja, mpaka vikaisha. Kisha akanipa kile kikaratasi nikishike. Kilikuwa kikavu. Akaniuliza kama ukurasa wa pili nimeshauandika upya, au bado.