Nyuki wa Tabora Kabla ya Mvua

Wengi wetu watu wa pwani twaijua asali ikiwa tayari imo chupani. Twaitia katika dawa, twaiweka mezani, twampelekea mgonjwa, wala hatuulizi imetoka wapi. Mimi nalikuwa mmoja wa hao. Kwa miaka mingi nimewasomesha watoto Suratun Nahl, sura ya 16, na kuwafafanulia aya ya 68 na ya 69, ambamo Mola wetu ataja jinsi alivyomwelekeza nyuki kufanya nyumba zake milimani, mitini na katika vile vijengwavyo na watu. Lakini nyumba yenyewe sikupata kuiangalia kwa macho yangu mpaka siku nilipokwenda Tabora.

Nalisafiri mwanzoni mwa mwezi wa 10 kumzuru shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, ambaye ni mfuga nyuki wa upande wa Sikonge. Kutoka Dar es Salaam hadi Tabora ni mwendo wa yapata kilomita 840 kwa reli. Reli hiyo ilifika Tabora mwaka 1912. Kabla ya hapo watu walikwenda kwa miguu katika njia ya misafara. Toka mjini nalipanda basi kuelekea kusini, na mzigoni mwangu mlikuwa na chupa mbili tupu, kwani nalimwahidi mama yangu mzee kuwa sitarudi bila ya asali ya Unyamwezi.

Huko Ulaya mwaka wa nyuki huanza baridi inapokwisha. Unyamwezi huanza kiangazi kinapokaribia mwisho wake. Nalikuta nyasi zimekauka, na pengine ardhi ni nyeusi kwa moto uliopita. Ilhali miti ya miombo, kama vile mtundu, imekwisha kuvaa majani machanga mekundu kama shaba, na tone la mvua halijaanguka bado.

"Waona, Maalim," alinambia shemeji, "mti haungoji mvua. Na nyuki haungoji mti. Sasa je, mimi nilale?"

Asubuhi tukaenda porini. Nalidhani atafungua mizinga, lakini hakufungua hata mmoja. Alisimama mbali kidogo, kando ya njia ya nyuki, akaangalia mlango. "Wale warudio na unga wa maua miguuni," alisema, "wana watoto nyumbani. Unga ndio chakula cha majana. Hapo malkia yu mzima." Mzinga wa pili nyuki walikuwa wachache, wakiingia mikono mitupu. Akaugonga kidogo kwa kijiti, akatega sikio, akatikisa kichwa. Wa tatu ulikuwa kimya kabisa. Nyuki wamehama, na nondo wameyala masega yote wakaacha utando na vumbi.

Huo wa tatu tukauteremsha. Alikwangua uchafu wote, akaufukiza moshi, kisha akapaka nta safi ndani, karibu na mlango. Makundi ya nyuki yatafutayo makao huvutwa na harufu hiyo. Akautundika tena katika tawi lenye kivuli, kwani maua yakichanua na makundi yakagawanyika, aliye na nyumba tayari ndiye apataye wageni. Kisha tukafyeka nyasi kuzunguka mashina, moto wa porini usipate njia; akapaka grisi kwenye nyaya zinazoshika mizinga, siafu wasipande; na mwisho akajaza maji katika karai, akatia vijiti juu yake nyuki wasizame. Kazi hiyo ilituchukua siku tatu, na hatukuonja hata tone la asali.

Jioni ya siku ya tatu nikamkumbusha habari ya chupa zangu. Alinyamaza kidogo, akaniambia, "Twende." Akafungua mzinga mmoja wa sanduku kwa moshi mdogo, akainua sega moja. Katikati mlijaa majana, na juu yake ukanda mwembamba wa asali, kama upana wa vidole vitatu.

"Hii ndiyo iliyobaki," alisema. "Ni akiba yao mpaka maua yajae. Nikiikata nitakupa nusu chupa, nawe ni mgeni wangu na mume wa dada yangu, siwezi kukunyima. Lakini nyuki hawa wakiona njaa hawafi hapa, huondoka wote. Mavuno makubwa ni baada ya mvua kwisha, toka mwezi wa 5 au wa 6, na hata hapo huwaachia sehemu yao. Amua wewe."

Wallahi naliona haya. Nikamwomba alirudishe sega mahali pake.

Usiku ule, baada ya sala ya Isha, yakazuka maneno mengine. Mpwa wake shemeji, kijana wa miaka ishirini na kitu, alitaka akatiwe sehemu ya msitu wa mjomba wake apate kuni za bani la kukaushia tumbaku. Hakusema kwa ufidhuli. "Mjomba," alisema, "nyuki wanipa fedha mara moja kwa mwaka, nami nataka kuoa." Neno lake lilikuwa na haki ndani yake, wala mimi mwalimu sikuwa na jawabu la haraka.

Shemeji hakumgombeza. Alimwambia, "Kuni utauza mara moja. Mti ule ukisimama utatoa maua baada ya mimi na wewe. Chukua mizinga yangu mitano, uitunze mwenyewe, na asali yake iwe yako yote. Ikifika mavuno, tuketi tena hapa tuhesabu." Kijana alikaa kimya kitambo, kisha akakubali kungoja mavuno hayo. Kama baadaye ataliweka shoka chini au atalinoa, mimi sijui. Lakini asubuhi nalimwona ameshika jembe, akifyeka chini ya mzinga wa kwanza.

Enyi wazazi na vijana, sote twapenda siku ya kurina. Ni wachache wapendao siku ya kukwangua mzinga mtupu. Nami sasa nikiwasomesha watoto aya zile mbili, huwaeleza na habari ya ule ukanda wa vidole vitatu, wajue kuwa rizki ya mtu ina haki ya mwingine ndani yake, hata akiwa mdudu.

Nalirudi nyumbani na chupa zangu tupu. Mama alipouliza, nikamwambia asali yake ingali mauani, naye akacheka, akasema atangoja. Mwenyezi Mungu atujaalie umri na subira mpaka mwezi huo. Amin.