Hatua Nne za Kisomo

Tanzania ilipofanya sensa yake mwaka 1967, asilimia 67 ya watu wazima hawakujua kusoma wala kuandika. Mwalimu Nyerere alikuwa amekwisha kulisemea jambo hilo mwaka 1964, alipowasilisha mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano: mtoto anayeanza shule leo hataugusa uchumi wa nchi mpaka ipite miaka mitano, kumi, hata ishirini, lakini mitazamo ya watu wazima inaugusa sasa hivi. Mwaka 1970 akautangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na ulipomalizika akazitaka wilaya sita zifute ujinga kabla ya mwisho wa 1971: Mafia, Masasi, Kilimanjaro, Pare, Dar es Salaam na Ukerewe.

Ukerewe ni visiwa ndani ya Ziwa Victoria. Katika kijiji kimoja huko aliishi mama mkulima wa pamba na mihogo, ambaye jina lake si lazima litajwe, kwa kuwa habari yake ni habari ya maelfu. Mwanawe wa mwisho, leo mwalimu mstaafu, anakumbuka jinsi barua zilivyokuwa zikisomwa nyumbani kwao kabla ya kisomo cha watu wazima. Kaka yake aliyekuwa masomoni Mwanza akiandika, barua hupelekwa kwa kijana wa jirani. Kijana husoma kwa sauti uani, na kila aliyepita njiani hujua kwamba ada haijalipwa na kwamba baba ameombwa auze mbuzi. Mama hakuwa na siri. Jambo lolote lililokuwa kati yake na mwanawe lilipita kwanza kinywani mwa mtu mwingine.

Kanda ya Ziwa haikuanza mikono mitupu. Tangu 1968 mikoa ya Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambayo sasa ni Kagera, ilikuwa na mradi wa majaribio uliosaidiwa na UNESCO. Mradi huo ulijaribu kitu kilichoitwa kisomo chenye manufaa: mkulima wa pamba asome habari za pamba, mvuvi asome habari za nyavu na samaki, mfugaji asome habari za ng'ombe. Vitabu vya kwanza vilitungwa hivyo. Darasani mwalimu huonyesha picha, watu wakaizungumzia kwanza kama wanavyozungumza barazani, kisha neno likaandikwa ubaoni na kuvunjwa silabi kwa silabi, na silabi zile zikaunda maneno mengine.

Mwalimu mwenyewe alikuwa kijana aliyemaliza darasa la saba. Serikali haikuwa na walimu wa kutosha, kwa hiyo vijana kama yeye, pamoja na wanafunzi na watumishi wa idara mbalimbali, waliitwa kujitolea kwa posho ya shilingi 30 kwa mwezi. Mwalimu mstaafu anasimulia kwamba kila alasiri kijana yule alipofika chini ya mwembe, aliwaamkia kwanza wanakisomo wake mmoja mmoja, "Shikamoo mama, shikamoo shangazi," akaitikiwa "Marahaba mwanangu," ndipo akashika chaki. Tangu hapo hadi mwisho wa somo, mama zake wale wale walimwita Mwalimu. Heshima ilikwenda pande zote mbili, na hiyo ni sababu moja kubwa ya watu kurudi kesho yake.

Wengi waliorudi walikuwa wanawake. Wanaume wengi waliona haya kukosea mbele ya wake zao.

Mafanikio ya kampeni ile ya kufuta ujinga husimuliwa kana kwamba watu waliamka siku moja wakisoma. Sivyo. Kisomo kilipangwa kwa hatua nne, na uzuri wake ulikuwa hapo. Hatua ya kwanza ilikuwa kujiandikisha na kuhudhuria angalau theluthi mbili ya vipindi, basi. Huenda mtu akaliona hilo dogo, lakini kwa mwanamke mwenye shamba la kupalilia, maji ya kuchota na mtoto mgongoni, kuhudhuria kulikuwa kazi, na kazi hiyo ikapewa jina na kuandikwa kwenye daftari la mahudhurio.

Hatua ya pili ndiyo iliyomtoa jasho mama yule. Kutambua herufi na silabi, kuandika sentensi fupi, kujumlisha na kutoa tarakimu moja moja. Mkono uliozoea mpini wa jembe uliishika penseli kwa nguvu mno, ncha ikavunjika, karatasi ikatoboka. Kwa hiyo aliandika kwanza mchangani kwa kidole. Tena masomo yalikuwa kwa Kiswahili, na yeye Kiswahili alikisikia zaidi gulioni kuliko nyumbani, ambako walizungumza Kikerewe. Alikuwa akijifunza mambo mawili kwa wakati mmoja, na jambo hilo halionekani katika hesabu za kampeni. Lilikuwapo pia tatizo la macho. Mtu aliyevuka miaka arobaini huanza kuziona herufi ndogo kama ukungu, na miwani kijijini haikuwapo. Wangapi waliacha kisomo wakiaminishwa kuwa akili zao ni nzito, kumbe ni macho?

Redio ndiyo iliyompa msukumo. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili nchini kote walikusanyika katika vikundi kwa majuma kumi na mawili, wakasikiliza Radio Tanzania, wakasoma kitabu cha kampeni, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka vilivyoficha mbu. Katika kikundi cha mama yule mtu mmoja alisoma na wengine wakafuatisha kwa kidole. Hapo ndipo alipoona maneno ya kitabuni yakigeuka kuwa choo nyuma ya nyumba yake.

Majaribio ya kitaifa yalifanyika Agosti 1975, na watu zaidi ya milioni tano walikuwa wamejiandikisha kisomoni. Mama yule alifaulu hatua ya pili. Mwaka 1977 akafaulu ya tatu, ile ya kusoma habari rahisi kwa ufasaha na kuielewa, kuandika ujumbe mfupi, na kujumlisha na kutoa tarakimu mbili mbili. Kwa nchi nzima, wasiojua kusoma walishuka kutoka asilimia 67 hadi 39 mwaka 1975, kisha 27 mwaka 1977. Kufikia 1986 serikali ilihesabu asilimia 9.6 tu.

Mwanawe anakumbuka zaidi msimu wa pamba. Mama alikwenda kituo cha kununulia na kijidaftari chake, akasoma mshale wa mizani, akaandika kilo, akalinganisha na stakabadhi. Pale alipokuwa akitia dole gumba, akaandika jina lake.

Hatua ya nne ilimtaka mtu asome gazeti kama Uhuru au Ukulima wa Kisasa ili ajue yanayotendeka, asome vitabu vya kilimo na afya, na atunze hesabu ya mapato na matumizi. Mama yule aliifikia kwa sababu kulikuwa na kitu cha kusoma. Mwaka 1974 lilianza kuchapishwa Mwanza gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho, kwa herufi kubwa na lugha nyepesi, kwa ajili ya watu wa aina yake hasa. Vijiji vikapata maktaba ndogo.

Kisha mambo yakalegea. Ilikuja vita ya Kagera ya 1978 na 1979, mafuta yakapanda bei, karatasi ikaadimika, na katika miaka ya themanini serikali ikakaza mkanda. Posho ya walimu ikachelewa, kisha ikakoma. Magazeti hayakufika. Majirani waliokuwa wameishia hatua ya pili walisahau kidogo kidogo, maana asiye na kitu cha kusoma hawezi kubaki msomaji. Mama yule hakusahau, kwa kuwa daftari la pamba na barua za wanawe vilimlazimisha kuendelea. Sensa ya 2012 ilionyesha kuwa waliojua kusoma na kuandika, kuanzia miaka 15, walikuwa takriban asilimia 78. Nchi ilikuwa imerudi nyuma.

Leo upo MUKEJA, mpango ambamo wanakisomo wenyewe huchagua watakachojifunza na kukifungamanisha na shughuli ya kuwaingizia kipato. Msingi wake ni mzuri. Lakini serikali za vijiji zisiridhike na kuhesabu waliofaulu tu. Zitenge chumba, zinunue magazeti, zihakikishe mwalimu analipwa kwa wakati, na zipime macho ya kila anayejiandikisha kabla hajapewa penseli.