Tarehe Yetu Bado

Mwaka 1997 mjomba wangu, baharia, alirudi Mombasa na PlayStation kuukuu aliyoinunua Japani. Alileta na transfoma yake, maana umeme wa kule ni volti 100 na wetu ni 240. Gemu lilikuwa moja tu: Final Fantasy VII, diski tatu. Kwenye televisheni yetu picha ilitoka bila rangi, ikipanda na kushuka, mpaka mjomba alipozungusha kifundo cha nyuma ikatulia.

Tatizo maneno. Kijapani kitupu! Wenzangu wakanigeukia: "Wewe si wajidai mwandishi? Hebu tuambie wasema nini." Basi nikachukua daftari la hesabu nikawatungia. Diski ya kwanza inapokaribia kwisha, msichana muuza maua anauawa. Nilimwandikia buriani ya ukurasa mzima. Nilipoisoma, hakuna aliyecheka.

Gemu lenyewe lilitoka Japani 31 Januari mwaka ule, Marekani 7 Septemba, Ulaya Novemba. Nilipozijua tarehe hizo niliona ni dharau tu. Baadaye ndipo nikaelewa, msomaji mwenzangu. Televisheni za Japani na Marekani zilichora picha mara 60 kwa sekunde. Za Ulaya, kama zetu, mara 50. Kwa hiyo gemu lilibidi lirekebishwe. Tena kulikuwa na maboksi na vijitabu vya kuchapisha. Lakini kazi kubwa ilikuwa tafsiri: Kiingereza kwanza, kisha Kifaransa, Kijerumani na Kihispania kwa ajili ya Ulaya. Mahali fulani mtu alikaa akihangaika na kila sentensi, kama mimi na daftari langu.

Miaka ikapita, nikalicheza kwa Kiingereza. Kumbe yule binti anakufa kimya. Hasemi neno! Buriani yote ilikuwa yangu.

Siku hizi kungoja kumepungua. Gemu hilo lilipoundwa upya, tarehe rasmi ilikuwa moja kwa dunia nzima: 10 Aprili 2020. Nikafungua orodha ya lugha. Kiswahili hakimo. Wamarekani walingoja miezi saba; sisi tarehe yetu haijaandikwa, na sijui twamngoja nani aje kutuandikia.

Daftari lile ninalo bado. Juzi nililifungua, nikafuta buriani ya muuza maua, nikaanza upya ukurasa wa kwanza.