Lengalenga, mboga ya mvua inayookoa makala

Mvua za Septemba zikianza hapa Goma, lengalenga hujaa sokoni. Utaona mama wamepanga mafungu chini kuanzia Virunga hadi Birere, na hata mwenye pesa kidogo anarudi nyumbani na mboga mkononi. Tanzania wanaiita mchicha, Kinshasa bitekuteku.

Wengi wetu tunapenda sombe zaidi, na mimi pia. Lakini sombe inataka kutwangwa, halafu ichemke muda mrefu ili sumu ya majani ya muhogo iishe. Muda mrefu ni makala mengi. Lengalenga inaiva kwa robo saa tu.

Kwa familia iliyokimbia, tofauti hiyo si ndogo. Mwaka 2023, kambi za Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya zilikuwa zimejaa watu. Shirika la MSF lilieleza wakati huo kwamba wengi wa wanawake waliofika kutibiwa baada ya kubakwa walishambuliwa walipokwenda kutafuta kuni au chakula. Ndiyo maana chungu kinachoiva haraka kinaweza kumpunguzia mama safari moja ya porini.

Kwetu tunapika hivi. Osha mafungu matatu ya lengalenga vizuri, kwa sababu mvua hurusha udongo kwenye majani. Kata, weka kwenye chungu na maji kidogo na chumvi. Pembeni, kaanga kitunguu katika mafuta ya mawese, ongeza nyanya, nyanya chungu mbili, na sambaza kavu ulizoziosha kwa maji ya moto. Changanya vyote, weka pilipili moja nzima bila kuipasua, funika dakika chache, kisha toa kwenye mbabula. Bugali uwe tayari. Kama sambaza ni ghali, karanga zilizotwangwa zinatosha.

Jirani yetu mmoja aliyekimbia kutoka Masisi anaongeza majani ya maharagi na ya maboga. Mwingine, wa Rutshuru, anaweka majani ya viazi vitamu. Kila mmoja anasema hivyo ndivyo wanavyopika kwao, na watoto wanakula vyote bila kuuliza ni vya kabila gani.

Binamu yangu anaishi Marekani. Siku moja alitutumia picha kutoka duka la Wajamaika: mafungu ya lengalenga kabisa! Wao wanaiita callaloo. Wanaipika na kitunguu, nyanya na pilipili, mara nyingi pamoja na samaki wa chumvi, kama sisi na sambaza zetu. Wajamaika wengi ni wazao wa Waafrika waliopelekwa ng'ambo kama watumwa. Watu wale walinyang'anywa mashamba, majina na lugha, lakini mkono wa kupika majani haukuwatoka. Mama alipoiona picha ile alisema, «Kumbe hata wao walikimbia na chungu.»

Baada ya vita vya Januari 2025 kambi za Goma zilibomolewa. Wengine wamerudi vijijini na kukuta shamba limekuwa pori, wengine wamebaki mjini kwa ndugu, kwenye viwanja vya mawe ya volkano. Kwa wote wawili, lengalenga inawezekana. Mjini, jaza udongo na samadi katika mfuko mtupu wa unga, toboa matundu chini maji yapite, nyunyiza mbegu juu. Baada ya wiki nne hivi unaanza kuchuma. Usiing'oe yote, kata juu ili ichipue tena.

Na uache shina moja au mbili zikomae mpaka zitoe mbegu. Ni mbegu ndogo, nyeusi, nyepesi. Konzi moja yatosha bustani nzima. Zikaushe, uzifunge kwenye kitambaa, uziweke pamoja na kadi ya uchaguzi na karatasi za watoto. Hapa kwetu hatujui ni lini tutaambiwa tuondoke tena.