Usichoke na Mbwa Wako Anapobalehe

Leo naomba nikuungamie jambo.

Tulimleta Simba nyumbani akiwa na miezi 2. Ukimwita mara moja tu, yuko miguuni pako. Nikajisifu kwamba najua kufunza mbwa.

Alipofika miezi 4, meno ya utotoni yakaanza kung'oka, akatafuna kila kitu, hata kiatu changu cha Jumapili. Hilo nilivumilia. Shida ilikuja akiwa na miezi 8. Nikimwita, ananitazama kisha anaenda zake. Geti likifunguliwa, mbio hadi barabarani. Siku moja nikamchapa kwa hasira.

Mpendwa, jioni hiyo niliporudi hakuja kunipokea. Alijificha nyuma ya tangi la maji, akitetemeka. Kijana wangu wa miaka 14 akaniambia, "Baba, hata mimi ukinifokea huwa sisikii unachosema."

Sikulala vizuri usiku huo.

Daktari wa mifugo alinieleza kwamba ujana wa mbwa huanza karibu miezi 6, na unaweza kuendelea hadi miaka 2, hasa kwa mbwa wa mwili mkubwa. Mwili unatangulia, utulivu unafuata nyuma. Dume huanza kuinua mguu kila mahali na kutaka kuzurura. Jike wengi hupata joto la kwanza kati ya miezi 6 na mwaka 1, kwa hivyo panga mapema na daktari kama hutaki watoto. Na usisahau chanjo ya kichaa cha mbwa, maana ugonjwa huo unaua hata watu.

Tukaanza upya. Kamba shingoni, dakika 10 asubuhi na dakika 10 jioni, kijana wangu akiwa kando yangu. Simba akija akiitwa, anapata kipande cha nyama na sifa. Asipokuja, hakuna kelele, tunarudia.

Sasa ana miaka 2. Analala mlangoni, na nikimwita anakuja. Lakini hadi leo nikiinua ufagio, anajikunyata. Hilo nililipanda mimi mwenyewe.

Kama kijibwa chako kimegeuka mkaidi, usikifunge mnyororo kutwa nzima, wala usiharakishe kumpa mtu mwingine. Kipe muda, rudia somo, punguza mkono.

Na kama una kijana nyumbani, najua umenielewa.