MGONGO, SEHEMU YA 3: ALIYELALA NA ALIYEJIKAZA

Wengi mmeniuliza inboksi, "Nesi, mgongo ukiuma nilale au nifanye kazi?" Leo nakujibu kwa kosa langu mwenyewe.

Huku Malolo, Kilosa, kitunguu ndiyo ada ya shule, ndiyo bati la nyumba. Na kitunguu ni kazi ya kuinama: kupandikiza miche, kupalilia, kung'oa.

Alikuja mama mmoja, mgongo unamuuma chini kiunoni. Nikampima, hana dalili ya hatari. Nikamwambia, "Mama, kapumzike, usiiname." Foleni ilikuwa ndefu, sikumwambia apumzike mpaka lini.

Wiki sita baadaye akarudi ameshikwa mkono na binti yake. Alikuwa amelala kweli! Akitaka kuokota kijiko anawaza uti unakatika. Majaruba yamejaa majani, na binti ameacha kwenda shule ili amwagilie. Neno langu moja, jamani.

Jirani yake, baba mmoja, ni kinyume. Yeye anajikaza. Asubuhi anameza dawa ya maumivu, anabeba magunia mpaka jua linazama, halafu siku tatu haamki. Akipata nafuu kidogo anafidia siku zilizopotea, anaanguka tena. Na dawa hizo kila siku zinaweza kuleta vidonda vya tumbo na kuharibu figo.

Ukiwatazama utadhani hawafanani. Kumbe wote wawili maumivu ndiyo yaliyokuwa yanawapangia siku.

Mwaka 1995 ulitoka utafiti wa Helsinki, Finland, kwa wafanyakazi 186 wa jiji wenye mgongo ulioanza kuuma karibuni. Wapo walioambiwa walale kitandani siku mbili, wapo waliopewa mazoezi, na wapo walioambiwa waendelee na shughuli zao kadiri wanavyoweza. Hawa wa mwisho ndiyo waliopona haraka zaidi. Na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa mgongo sugu, liliweka elimu na mazoezi kati ya tiba zinazofaa.

Basi nikamwomba mama radhi, tukaanza upya. Wiki ya kwanza kutembea dakika tano, asubuhi na jioni. Kisha kuinama kuokota vikombe. Kisha nusu jaruba, siku yenye maumivu na isiyo na maumivu, kiasi kilekile. Tukaongeza pole pole. Mgongo bado unamkumbusha, lakini yuko shambani, na binti amerudi darasani.

Yule baba nilimwambia, "Baba, pumzika kabla mgongo haujakulazimisha." Jaruba moja, nyoosha mwili, badilisha kazi. Alinicheka. Siku hizi anafanya, ila hakiri!

SASA SIKILIZA. Usijitibu nyumbani ukiwa na haya: miguu kuishiwa nguvu, ganzi sehemu za siri, kushindwa kuzuia mkojo au choo, au mkojo kugoma kutoka. Hapo nenda hospitali siku hiyohiyo. Homa, jasho la usiku na kukonda navyo vinahitaji vipimo, TB hushika hata uti wa mgongo. Umeanguka kwenye bodaboda? Njoo pia.

Wewe je, ni wa kulala au wa kujikaza? Niandikie hapo chini, usione aibu. Sehemu ya 4 tutaongelea namna ya kunyanyua gunia.