Safari Isiyo na Rufaa

Mtu akisimama kwenye jumuiya kutoa ushuhuda, na mumewe amekaa pembeni kwenye kiti mwendo, watu husubiri jambo moja tu: kwamba mwisho wa maneno mzee atainuka atembee. Niliwaambia mapema wasijichoshe. Mume wangu hajainuka, na madaktari walishatueleza zamani kuwa uti wa mgongo ukikatika hauungi kama mfupa wa mguu. Ninachoshuhudia mimi ni likizo. Tulikwenda Malawi kutembea, tukarudi, na nyumba yetu haikubaki kama ilivyokuwa.

Yeye ni Mnyasa wa Mbamba Bay, Mwanglikana wa kuzaliwa. Mimi ni Mmatengo wa milimani Mbinga, Mkatoliki, binti wa mashamba ya ngoro na kahawa. Alikuwa dereva wa Fuso, akishusha saruji ziwani na kupandisha dagaa, enzi zile barabara ni vumbi kiangazi na utelezi masika. Mwaka 2016 gari lilimshinda kwenye kona likalala ubavu. Tangu siku hiyo, kiunoni kwenda chini hana hisia. Lami ya kilomita 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ilikuja baadaye. Tukipita kona zile sasa, yeye huangalia dirishani kama abiria mwingine yeyote, mimi ndiye ninayefumba macho.

Baada ya ajali tulisafiri sana, ila safari zetu zote zilikuwa za hospitali: Peramiho, Songea, Dar es Salaam. Kwa miaka kadhaa hatukupanda basi bila karatasi ya rufaa kwenye mkoba wangu. Nilizoea kuitoa kabla sijaulizwa. Nilizoea pia kuwa mdomo wake, maana kila mtu alizungumza nami. "Mzee anakunywa chai?" "Mzee anasikia baridi?" Wanauliza hivyo yeye akiwa hapo hapo, mzima wa akili na sauti.

Wazo la Malawi lilikuwa lake. Utotoni, siku za anga safi, alikuwa akiona milima ya ng'ambo na jua likizama nyuma yake. Akatamani siku moja akae upande ule alione likichomoza upande wetu. Nkhata Bay iko karibu kabisa mkabala na Mbamba Bay, kama kilomita 60 za maji. Hatukupata chombo cha kuvuka moja kwa moja, kwa hiyo ilibidi tuzunguke kichwa cha ziwa: meli hadi upande wa Kyela, kisha Kasumulu, Karonga na Mzuzu.

Ukoo ulikuja juu. Shemeji aliuliza kama hela ya kahawa tunakwenda kuimwaga ziwani. Mama mkwe alisema kwa upole, "Mwanangu, mgonjwa hapelekwi matembezini."

"Mama, mimi siumwi," alijibu.

Kisha akawatolea silaha aliyoipata kwenye semina Songea: Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania na Malawi ziliuridhia mwaka mmoja, 2009. Ibara ya 30 inataja burudani, michezo na hata utalii. Shemeji hakuwa na ibara ya kujibia, akanyamaza kwa heshima ya semina.

Maandalizi yenyewe yalikuwa kazi. Nilinunua futi ya fundi seremala nikapima kiti: kutoka ukingo wa gurudumu moja hadi la pili, sentimita 64. Nikaanza kupiga simu nyumba za wageni upande wa Kyela. Mtu akiulizwa upana wa mlango wa choo huwa hasemi namba. Anasema, "Mpana tu mama, hata wanene wanapita." Nikimwomba apime, anacheka. Mume wangu akafungasha bisibisi, mimi nikafungasha kanga za ziada. Tulikuwa sahihi. Mlango wa chooni tulikolala ulikuwa sentimita 60. Mume wangu, akiwa kwenye kiti chake, akafungua skrubu za bawaba za chini, mimi nikafungua za juu, tukautoa mlango tukatundika kanga. Asubuhi tukaurudisha. Mwenye nyumba alikuja kutazama, akauliza fundi tumemtoa wapi.

Mengine ni ya ndani kidogo, ila ushuhuda wa kuficha nao si ushuhuda. Kuna mirija ya mkojo, ambayo lazima iwe safi na ya kutosha safari nzima, maana saa zikipita bila kuitumia, figo ndizo zinazolipa. Kuna mto maalumu wa kukalia. Na kuna kujinyanyua: kila baada ya muda anasukuma kwa mikono, makalio yanaachana na kiti, anahesabu taratibu, anashuka. Asipofanya hivyo ngozi inakosa damu na kidonda kinaanza bila yeye kuhisi. Kwenye Coaster moja alijinyanyua hivyo mara kadhaa, na mama aliyekaa jirani akaanza kukemea mapepo kimya kimya. Nikamwacha. Sala haina hasara.

Tuliondoka Mbamba Bay baada ya upepo wa Mwera kutulia. Kati ya Mei na Agosti Mwera hulichafua ziwa hadi wavuvi wenyewe hubaki nchi kavu, na mtu asiyeweza kujikaza kwa miguu hana sababu ya kujaribu mawimbi yale. Pale pa kupandia melini vijana wanne walikuja mbio wakamkamata kila mmoja alipoona panashikika. Mimi nilifungua mdomo. Yeye akanitangulia.

"Ngojeni, wanangu. Wawili nyuma, shikeni hii mikono ya kusukumia. Wawili mbele, shikeni fremu hapa chini. Magurudumu msiguse, yanazunguka. Hapa pa kuegemeza mikono msiguse kabisa, panachomoka, mtabaki napo mkononi mimi niko majini."

Wakacheka, wakatii. Wakampandisha kama wanavyopandisha mzigo wa thamani, mmoja akihesabu hatua kwa sauti. Usiku tulikaa nje, tukipita Liuli, Lundu, Manda, na huko majini taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa. Akanisimulia habari za Liuli ambako babu yake alisomea misheni, na jinsi Waingereza walivyoivamia hapo meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, Agosti 1914, vita ikiwa bado mbichi. Nilikuwa nimesahau kwamba mume wangu ni msimulizi. Hospitalini hakuna anayekuuliza hadithi.

Mpakani Kasumulu, kijana wa kubadilisha fedha alitufuata. "Shikamoo mzee. Mama, huyu mzee mnampeleka hospitali gani, Mzuzu au Lilongwe?"

"Marahaba. Mgonjwa hayupo hapa, kijana. Sisi tunakwenda kutembea. Kwacha unauzaje?"

Kwenye dirisha la uhamiaji waliuliza madhumuni ya safari, tukasema likizo, wakagonga muhuri. Daraja la Mto Songwe alilivuka kwa mikono yake mwenyewe, na glovu zake za ngozi, malori yakipumua pembeni. Mimi nilibeba mkoba tu.

Karonga Kiswahili kinatosha kabisa, sokoni na stendi. Tulitembelea jumba la makumbusho, tukaona mfano wa mifupa ya Malawisaurus, mjusi mkubwa wa kale aliyefukuliwa katika wilaya hiyo. Tulipotoka tairi likaingia mwiba. Kwingine ningeanza kulia. Lakini Malawi ni nchi ya baiskeli. Vijana wa kabaza, wanaobeba abiria kwa baiskeli kama sisi tunavyobeba kwa bodaboda, wako kila kona, na penye baiskeli hapakosi fundi. Gurudumu la kiti chetu ni namba 24, saizi ya baiskeli ndogo. Fundi alichomoa mpira, akautumbukiza kwenye beseni la maji, akafuata mapovu, akakwangua, akapaka solesheni. Kazi ikaisha kabla soda yangu haijaisha.

Tulipoendelea kusini ndipo jambo lenyewe likatokea, na lilikuja polepole kiasi kwamba sikuliona hadi tumefika Nkhata Bay. Kiswahili kilipungua, kisha kikaisha. Mimi nina Kimatengo na Kiswahili, hakuna kingine. Yeye ana Kinyanja cha kwao ziwani, ambacho na Chichewa ni ndugu wa damu. Makonda walinisemesha mimi kwa mazoea ya dunia nzima, nikawatumbulia macho. Ikabidi wainame wamuulize yeye. Nauli akapatana yeye. Chumba akapatana yeye. Mzee mmoja alivuta kigoda akakaa ili macho yao yalingane, wakaongea habari za nyavu na bei ya usipa, dagaa wa huko, mpaka jioni. Mimi nimekaa pembeni, natabasamu nisipoelewa.

Mgahawani mhudumu alinitazama, akamuuliza yeye jambo. Akajibu. Ikaja nsima, yaani ugali, na samaki aitwaye chambo. Mimi nilikuwa nataka kuku.

"Kaniuliza mke wangu anakula nini," akasema, na alikuwa anajizuia kucheka. "Nikamwambia mama anapenda samaki."

Nilikula samaki wangu nikifikiri juu ya vikombe vyote vya chai nilivyowahi kumkubalia au kumkatalia.

Nkhata Bay yenyewe si rafiki wa magurudumu. Ni vilima na mawe, na nyumba nyingi za wageni zimejengwa kwenye miteremko yenye ngazi. Alipata chumba cha chini karibu na maji kwa kuulizia mwenyewe. Asubuhi ya kwanza ukungu ulifunika kila kitu, akalaani kwa Kinyanja. Asubuhi iliyofuata jua likatoka upande wa kwetu, akaridhika, akataka chai. Kilichomfurahisha zaidi ni kuogelea. Wavuvi wawili walimshusha majini, na mikono ile iliyonenepa kwa kusukuma kiti ikamchukua mbali kuliko nilivyopenda. Majini hakuna aliyejua nani ana miguu.

Tulirudi kwa njia ile ile. Sasa mtu akija na kuniuliza mimi, "Mzee anaendeleaje?" najibu kwa Kimatengo kwamba sina lugha, wamuulize mwenyewe. Wengine wamenuna. Ameanza kuhudhuria mkutano wa kijiji, anagombana na watu wa maji kwa jina lake mwenyewe, na mwezi uliopita alipinga hesabu za chama mbele ya mwenyekiti. Shemeji anasema Malawi imemharibu.

Bibi mmoja wa jumuiya, baada ya ushuhuda wangu, aliuliza, "Sasa uponyaji uko wapi hapo?" Sikumjibu. Mume wangu alimjibu, kwa urefu, mpaka chakula kikapoa.

Kwa sasa tuna ugomvi. Anataka Likoma, akaone kanisa kuu la Mtakatifu Petro ambalo wamisionari wa Kianglikana walianza kulijenga mwaka 1903, kanisa ambalo babu yake alilisimulia maisha yake yote. Mimi nimeulizia, nikaambiwa abiria wa meli Ilala walikuwa wakishushwa kwenye boti ndogo wapelekwe ufukweni. Nimesema hapana. Yeye amesema ameshaongea na mtu wa Nkhata Bay kwa simu, kwa lugha ambayo mimi siielewi, na kwamba mambo yako sawa. Kahawa ya mwaka huu bado iko mtini, kwa hiyo nina muda wa kubishana.